Sura ya Bunduki na Tumbo Lake: Kwa Nini Marekani Inashindwa Kuandika Sheria Moja

Usiku wa tarehe 25 Oktoba 2023, mtu mmoja aliingia na bunduki katika ukumbi wa michezo mjini Lewiston, jimbo la Maine, kisha akaelekea kwenye baa isiyo mbali na hapo. Aliua watu 18. Kesho yake mbunge wa eneo hilo, Jared Golden, alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema jambo ambalo mwanasiasa hulisema kwa nadra sana: kwamba alikosea. Golden ni askari wa zamani wa Marine, alipigana Iraq na Afghanistan, na mwaka 2022 alikuwa mmoja wa wabunge watano tu wa chama cha Democratic waliopinga muswada wa kupiga marufuku bunduki za namna hiyo, zile za mtindo wa kijeshi. Sasa aliwaomba msamaha watu wa Lewiston na kulitaka Bunge la nchi yake lizipige marufuku.

Lewiston haiko mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Tangu mwaka 2001 familia nyingi za Kisomali zimehamia huko, na baadhi yao walipitia kambi za Dadaab na Kakuma kabla ya kuvuka bahari. Watu waliokimbia mtutu wa bunduki waliambiwa tena wajifungie ndani, siku mbili nzima, polisi wakimsaka muuaji hadi alipokutwa amekufa.

Golden alibadili msimamo kwa sentensi chache. Kuugeuza msimamo huo kuwa sheria ni kazi nyingine kabisa, na ugumu wake unaanza na swali linaloonekana la kitoto: bunduki ile ni ipi? Utaielezaje kwa maneno, ili hakimu, muuzaji na fundi wa kiwandani wote waelewe kitu kimoja? Marekani imekuwa ikilijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 30, na kila jibu limeacha tundu.

Tuanze na chombo chenyewe, maana hapa ndipo mabishano mengi yanapopotea njia. Mpigaji anapobana kifyatulio, pini hugonga kitako cha risasi, baruti huwaka, na gesi inayotokea husukuma kichwa cha risasi kupita kwenye mtutu. Katika bunduki ya kukoki kwa mkono, shughuli inaishia hapo. Mpigaji lazima avute komeo mwenyewe, ganda litoke, risasi nyingine iingie. Katika bunduki ya otomatiki, ukikibana kifyatulio na kukishikilia, risasi zinatoka mfululizo mpaka uachie au ziishe. Bunduki ya nusu otomatiki iko katikati: kila ukibana, inatoka risasi moja tu, lakini kutema ganda na kupakia nyingine inafanya yenyewe. Wewe kazi yako ni kubana, kuachia, kubana tena, kasi ikitegemea kidole chako.

Hizo za otomatiki Marekani ilizibana zamani. Sheria ya mwaka 1934 ilitaka zisajiliwe na kulipiwa kodi ya dola 200, fedha nyingi kwa wakati ule, na mwaka 1986 raia wakazuiwa kununua yoyote iliyotengenezwa baada ya hapo. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba kijana wa miaka 18 wa Texas anaweza kununua dukani silaha ileile ya askari, anakosea kidogo, na wapinzani wa udhibiti hulidaka kosa hilo papo hapo. Anachoweza kununua ni ndugu wa silaha hiyo. Bunduki ya AR-15 ilibuniwa na Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950 (herufi AR zimetokana na jina la kampuni hiyo), Colt wakainunua mwaka 1959, na kutoka kwenye mchoro huo ikazaliwa M16 ya jeshi. Za raia zimeondolewa uwezo wa kufyatua mfululizo. Risasi, masafa na mfumo wa ndani ni vilevile kwa sehemu kubwa.

Msomaji wa Nairobi au Dodoma anaweza kujiuliza kwa nini jambo hili linabishaniwa hata kidogo. Nchi zetu, pamoja na Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwezi Aprili 2004, inayotaka raia wazuiwe kabisa kumiliki bunduki za otomatiki na za nusu otomatiki za aina ya rifle, yaani bunduki ndefu ya kuegemeza begani. Kwetu mjadala ni namna ya kuzikusanya zilizozagaa baada ya vita. Kwao ni kama serikali ina haki ya kuzigusa, kwa sababu Katiba yao, katika Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791, inatamka haki ya watu kuwa na silaha. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kila neno la muswada lipimwe kwa mizani ya dhahabu.

Jaribio la kwanza la kitaifa lilitokana na misiba miwili ya California. Mwezi Januari 1989, mtu mwenye bunduki ya jamii ya Kalashnikov, ya nusu otomatiki, alifyatua risasi katika uwanja wa shule ya msingi mjini Stockton na kuua watoto watano, watoto wa wakimbizi kutoka Kambodia na Vietnam. Mwezi Julai 1993, mwingine aliua watu wanane katika jengo la ofisi jijini San Francisco. Dianne Feinstein, seneta wa jimbo hilo, alikuwa na kumbukumbu yake mwenyewe: mwaka 1978, ndani ya ukumbi wa jiji, ndiye aliyeikuta maiti ya diwani mwenzake Harvey Milk aliyepigwa risasi. Akaandika marufuku ikaingizwa katika sheria kubwa ya uhalifu. Katika Baraza la Wawakilishi ilipita kwa kura 216 dhidi ya 214. Rais Bill Clinton aliitia saini tarehe 13 Septemba 1994, ikiwa na sharti kwamba baada ya miaka kumi itakufa yenyewe isipohuishwa.

Sheria ile ilijibu swali letu hivi: bunduki inayokatazwa ni ya nusu otomatiki, yenye magazini ya kuchomoa (lile kasha la risasi linalochopekwa chini), na yenye angalau alama mbili kati ya hizi tano. Kitako cha kukunja. Mshikio wa bastola. Mahali pa kufungia singe, kisu cha mdomoni mwa mtutu. Kizuia mwako mdomoni mwa mtutu. Kirushio cha guruneti. Zaidi ya hapo ilitaja aina kadhaa kwa majina, na ikakataza magazini mpya zenye zaidi ya risasi 10.

Isome tena orodha hiyo. Singe haijaua mtoto yeyote katika shule ya Marekani. Alama nyingi kati ya hizo zinaeleza sura ya bunduki, na sura hubadilishwa na fundi kwa siku moja. Ndivyo ilivyokuwa. Viwanda viliondoa pahali pa singe, vikaondoa kizuia mwako, vikabakiza mshikio, na kwa kuwa alama moja ilikuwa halali, bunduki ileile ikarudi madukani kwa jina jipya. Bastola ya TEC-9, iliyotumiwa katika mauaji ya San Francisco, ilitengenezwa upya ikaitwa AB-10, na herufi hizo zilielezwa kuwa na maana ya "baada ya marufuku". Walichapa dharau yao juu ya chuma.

Mfano unaonisumbua zaidi ni Ruger Mini-14. Inapiga risasi za ukubwa uleule wa AR-15, inatumia magazini ya kuchomoa, ni ya nusu otomatiki. Lakini ina kitako cha mbao na inafanana na bunduki ya babu wa kijijini, basi sheria ya 1994 ikaitaja kwa jina miongoni mwa zilizoruhusiwa. Miaka mitano kabla ya sheria hiyo, silaha ya aina hiyo ilikuwa imeua wanawake 14 katika chuo cha uhandisi mjini Montreal, Kanada. Mwaka 2011 ikatumika tena katika kisiwa cha Utøya, Norway, ambako watu 69 walikufa, wengi wao vijana.

Je, sheria hiyo ilisaidia? Ninaunga mkono udhibiti, lakini jibu la haki ni kwamba ilisaidia kidogo na ni vigumu kupima. Kabla yake, silaha zile zilikuwa zikitumika katika asilimia 2 hadi 8 tu ya uhalifu wa bunduki. Zilizokuwa tayari mikononi mwa watu hazikuguswa, na mamilioni ya magazini kubwa za zamani yaliendelea kuuzwa kihalali. Wauaji wa shule ya Columbine, Colorado, Aprili 1999, waliua watu 13 kwa siku moja sheria ikiwa hai; mmoja wao alibeba TEC-9 ya toleo lililofuata, mwingine bunduki ya Hi-Point yenye magazini za risasi 10, halali kabisa, ila alibeba magazini 13. Sheria ilipokufa Septemba 2004, Bunge halikuihuisha. Mauzo ya AR-15 yakapaa, na leo chama cha wafanyabiashara wa silaha kinakadiria kwamba bunduki za jamii hiyo zilizoko nchini ni zaidi ya milioni 28.

Baadaye yalikuja majina ya miji ambayo dunia nzima imeyakariri. Newtown, Desemba 2012: watoto 20 na watu wazima 6. Feinstein alirudisha muswada wake, na mwezi Aprili 2013 Seneti ikauangusha kwa kura 60 dhidi ya 40. Parkland, 2018. Uvalde, Mei 2022: watoto 19 na walimu wawili. Daktari wa watoto wa mji huo, Roy Guerrero, aliliambia Bunge kwamba miili ya watoto wawili aliyoiona ilikuwa imeharibiwa kiasi kwamba kilichobaki cha kuwatambulisha ni nguo zao zenye picha za katuni. Hicho ndicho kinachotofautisha risasi ya rifle na ya bastola ya kawaida: inaruka kwa kasi kubwa zaidi, na nishati inayoingia nayo mwilini inapasua hata mahali ambapo haikugusa.

Miezi miwili baada ya Uvalde, Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada mwingine kwa kura 217 dhidi ya 213. Huu ndio Golden aliupinga. Uliziba tundu moja la mwaka 1994: sasa alama moja ingetosha, siyo mbili. Lakini bado ulitegemea alama. Seneti haikuupigia kura.

Hapa ndipo unapoingia muswada ambao binafsi naona umefikiriwa kwa undani zaidi, uliowasilishwa Novemba 2023, wiki tano baada ya mauaji ya Lewiston, na maseneta wanne: Martin Heinrich wa New Mexico, Angus King wa Maine, Michael Bennet wa Colorado na Mark Kelly wa Arizona. Watatu wa kwanza walikuwa miongoni mwa waliopiga kura ya hapana mwaka 2013. Heinrich ni mwindaji na King anatoka jimbo la wawindaji. Hoja ya King ilikuwa kwamba sheria iangalie bunduki inafanya nini, siyo inafananaje.

Muswada wao unaacha sura na kuingia tumboni. Katika AR-15 na ndugu zake, mtutu una kitundu kidogo. Risasi ikishakipita, sehemu ya gesi huchepuka kupitia hapo, inarudi nyuma na kusukuma mtambo unaotema ganda na kupakia risasi mpya. Muswada unasema: bunduki ya nusu otomatiki inayojipakia kwa gesi imekatazwa kuuzwa, kuagizwa na kutengenezwa, isipokuwa ikiwa imo katika msamaha. Na msamaha unahesabu risasi. Rifle yenye magazini isiyochomoka, yenye risasi zisizozidi 10, inaruhusiwa. Bastola ya gesi, isiyozidi 15, nayo magazini isichomoke. Bunduki ndogo za kiwango cha .22 hazihusiki, za kukoki kwa mkono hazihusiki, na bastola zinazojipakia kwa nguvu ya kurudi nyuma, yaani karibu zote zinazouzwa, hazihusiki. Mwenye bunduki yake abaki nayo, awarithishe jamaa zake wa karibu, au akipenda aiuze kwa serikali. Miundo mipya ya gesi ikaguliwe kabla kiwanda hakijaitengeneza. Ungekuwepo sharti hili mwaka 1994, AB-10 ingeishia kwenye karatasi.

Suala la magazini lina ushahidi ambao Mark Kelly anauishi nyumbani. Tarehe 8 Januari 2011, mjini Tucson, mkewe Gabrielle Giffords, wakati huo mbunge, alipigwa risasi ya kichwa akiwa kwenye mkutano na wapiga kura. Muuaji alikuwa na bastola ya Glock yenye magazini ya risasi 33. Watu sita walikufa, mmoja wao binti wa miaka tisa. Alipomaliza na kutaka kuweka magazini nyingine, watu waliokuwapo walimrukia; mwanamke mmoja aliikamata magazini ile kabla hajaichopeka. Zile sekunde chache za kubadilisha ndizo muswada unataka kuziongeza na kuzizidisha.

Lakini ukilikagua jibu hili jipya kwa makini, nalo lina matundu. Ile Hi-Point ya Columbine haina kitundu kile. Komeo lake husukumwa tu na ganda linaporudi nyuma. Neno "gesi" likisomwa kwa maana ya kitundu pekee, lingeikosa. Anayejua mitambo anaweza kubuni bunduki nyingine ya kutisha inayokwepa kitundu kile. Na California imeshatufundisha fundi anavyoweza kulisoma neno. Jimbo hilo lilikuwa na sheria iliyosema magazini "ya kuchomoa" ni ile inayotoka bila kutumia kifaa. Viwanda vikaweka kitufe kidogo kilichobonyezwa kwa ncha ya risasi, kwa kuwa risasi ilihesabiwa kuwa kifaa. Bunduki za mkondo huo zilihusika katika mauaji ya watu 14 mjini San Bernardino, Desemba 2015, na mwaka uliofuata jimbo likaziba mwanya huo.

Wanaopinga marufuku wana hoja zinazostahili kusikilizwa, na haisaidii kuzikejeli. Takwimu za FBI za mwaka 2019 zinaonyesha mauaji 364 yaliyotambuliwa kuwa ya rifle za aina zote, dhidi ya 6,368 ya bastola na 1,476 ya visu na vitu vya kukata. Mwaka 2022 bunduki ziliua zaidi ya watu 48,000 nchini humo, na zaidi ya nusu yao walijiua, kwa kawaida kwa bastola. Mtu akisema marufuku hii haitaigusa sehemu kubwa ya msiba, anasema kweli. Kuhusu Lewiston pia, tume huru iliyochunguza ilikuta kwamba ofisi ya polisi ya wilaya ilikuwa na sababu za kutosha kumnyang'anya muuaji silaha kwa sheria iliyokuwapo, na haikufanya hivyo. Jibu langu ni kwamba muswada huu haukuandikwa kwa ajili ya mauaji yote. Umeandikwa kwa ajili ya darasa, ukumbi, kanisa na soko, mahali ambapo mtu mmoja anaua ishirini kabla mlango haujafikiwa.

Hata sheria ikipita, itakutana na majaji. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba raia ana haki ya kuwa na bastola nyumbani, ikaongeza kwamba haki hiyo ina mipaka, na kwamba silaha "zinazotumiwa na wengi" zinalindwa kuliko zile "za hatari na zisizo za kawaida". Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikataka kila sheria ya silaha ilingane na historia ya taifa. Hapo zile milioni 28 zinageuka kuwa hoja ya kisheria: kadiri bunduki inavyouzwa bila kizuizi, ndivyo inavyohesabika kuwa ya kawaida. Mwezi Juni 2025 mahakama ilikataa kuisikiliza kesi ya marufuku ya Maryland, na marufuku hiyo ikabaki. Lakini Jaji Brett Kavanaugh aliandika kwamba swali la AR-15 linapaswa kusikilizwa karibuni, katika muhula mmoja au miwili.

Na majaji nao wanabishana juu ya tumbo la bunduki. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, serikali ya Donald Trump ilikataza kitako maalumu kinachofanya bunduki ya nusu otomatiki itikisike na kufyatua kwa kasi inayokaribia otomatiki. Juni 2024 mahakama iliifuta katazo hilo kwa kura 6 dhidi ya 3. Sababu? Sheria ya 1934 inasema otomatiki ni ile inayotoa risasi zaidi ya moja kwa kitendo kimoja cha kifyatulio, na majaji sita walisema kwamba ndani ya kitako kile kifyatulio kinajirudia kwa kila risasi, hata kama kidole cha mpigaji hakisogei.

Katika Bunge kikwazo ni hesabu ya kawaida. Seneti ina watu 100, na kwa kanuni zake muswada wa namna hii unahitaji 60 ili mjadala ufungwe na kura ipigwe. Muswada wa Heinrich na King ulikufa na Bunge lile bila kura. Aprili 2025 ule wa alama uliletwa tena, na maseneta wanaofuata nyayo za Feinstein, aliyefariki Septemba 2023, katika Bunge ambalo Warepublican wanaongoza pande zote mbili.

Neno la gesi, hata hivyo, limepata pa kukaa. Mwezi Aprili 2025 gavana wa Colorado, Jared Polis, alitia saini sheria iliyosukumwa na seneta wa jimbo Tom Sullivan, ambaye mwanawe aliuawa katika ukumbi wa sinema wa Aurora mwaka 2012. Sheria hiyo haikatazi moja kwa moja. Inasema kwamba anayetaka kununua rifle ya nusu otomatiki yenye magazini ya kuchomoa, au bastola ya namna hiyo inayojipakia kwa gesi, lazima kwanza akaguliwe na apate mafunzo. Haitaji singe wala kitako cha kukunja. Tarehe iliyopangwa ya kuanza kutumika ni 1 Agosti 2026.